Nyangumi Ndani ya Giaboksi

Dipstiki ya giaboksi ya Corolla ya mama imechongwa maandishi. Nilikuwa nimeichomoa mara nyingi kabla ya Jumamosi ile, nikaifuta kwa kitambaa, nikaangalia kiwango cha oili na kuirudisha. Sikuwahi kuisoma. Siku hiyo jua la asubuhi liliipiga kwa ubavu na herufi zikajitokeza kwenye bati: DEXRON II.

Pembeni yangu palikuwa na beseni, faneli, jeki, stendi mbili za kuazima na dumu la lita nne la oili nyekundu. Dumu liliandikwa ATF, basi. Hapakuwa na neno Dexron wala namba yoyote. Nilipomuuliza muuza spea kama ndiyo yenyewe, alicheka. "Zote haidroliki hizo, kaka. Nyekundu ni nyekundu."

Fundi wetu wa siku zote alikuwa amekwisha kuikataa kazi, na si kwa uvivu. Aliniambia mbele ya mama kwamba giaboksi ya auto iliyotembea zaidi ya kilometa laki mbili na oili ileile haiguswi tena: ukimwaga ya zamani ukaweka mpya, wiki haiishi, gia zinaanza kuteleza. Alikuwa ameyaona magari yakifa hivyo kwa macho yake. Mama anauza vitenge kwenye minada ya huku Tanga, na gari hili ndilo linalobeba marobota. Giaboksi ya mtumba ingekula mtaji wake wote. Alinitazama, akalitazama beseni. "Mwanangu, Jumanne nina safari ya Korogwe," akasema, akaingia ndani.

Nikalifunika beseni. Niliona si haki kufungua nati yoyote kabla ya kujua lile neno kwenye dipstiki linataka nini. Nilitegemea jibu la sentensi moja. Nikakutana na nyangumi.

*

Wengi wetu tumezoea kudhani kazi ya oili ni moja, kulainisha. Kwenye giaboksi ya otomatiki oili ina kazi nyingine nzito zaidi. Kati ya injini na gia hakuna klachi ya mguu. Kuna chombo cha duara, konveta, chenye mapanga yanayotazamana ndani ya oili. Panga la upande wa injini linaisukuma oili, oili inalisukuma panga la upande wa gia, na gari linaondoka. Wazo hilo lilitoka kwenye meli. Mhandisi wa Kijerumani, Hermann Föttinger, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, alilipatia hataza mwaka 1905, akitafuta namna ya kuunganisha mitambo ya mvuke inayozunguka kasi mno na rafadha zinazotakiwa kuzunguka polepole.

Kwenye magari, hatua kubwa ilikuwa Hydra-Matic ya General Motors, iliyobuniwa na timu ya Earl Thompson na kuanza kufungwa kwenye Oldsmobile za mwaka 1940. Ndiyo iliyokuwa giaboksi ya kwanza ya otomatiki kamili kuuzwa kwa wingi. Wakati wa vita ilifungwa hata kwenye vifaru vyepesi vya jeshi la Marekani, jambo ambalo matangazo ya baadaye hayakulisahau.

Sasa njoo kwenye ugumu wenyewe. Ndani ya giaboksi hizi klachi zimo, ila ni sahani nyembamba zinazoishi ndani ya oili. Gia inapobadilika, msukumo wa oili huzibana pamoja. Kwa hiyo oili ileile inayotakiwa kuyatelezesha meno ya gia inatakiwa pia iziruhusu sahani zishikane. Zikishikana ghafla, gari linaruka kama limepigwa teke. Zikichelewa, zinasuguana, zinapata moto na kuungua. Wahandisi walihitaji kitu cha kuchanganya kwenye oili kitakachofanya mshiko uje taratibu kisha utulie, na ambacho hakitaharibika upesi kwa joto. Walikipata kichwani mwa nyangumi.

Si nyangumi yeyote. Ni yule mwenye kichwa kama sanduku, anayezama mbali sana kufuata ngisi, na ambaye utumbo wake ndio unaotoa ambari. Nitamwita nyangumi wa ambari, kwa kuwa ambari yake ni bidhaa ya zamani ya pwani hii: al-Masudi, aliyefika huku mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika habari za ambari ya nchi ya Zanj. Kinachoitwa mafuta yake, kikemia, ni nta iliyo majimaji. Mafuta ya nazi na ya ng'ombe yamejengwa kwa mtindo mmoja. Nta hii imejengwa kwa mwingine. Inang'ang'ania uso wa chuma, na inavumilia joto kuliko mafuta mengi ya wanyama.

Wamarekani walimfuata nyangumi huyu mpaka mlangoni kwetu. Tunapokumbuka mkataba wa Marekani na Sayyid Said wa mwaka 1833, na konseli wao aliyefika Unguja mwaka 1837, tunakumbuka meli za Salem, pembe za ndovu, sandarusi, na kile kitambaa ambacho bibi zetu walikiita merikani. Lakini meli za wawinda nyangumi kutoka New England nazo zilitia nanga Unguja kuchukua maji na vyakula. Kijana mmoja aliyekuwa ndani ya meli ya namna hiyo, J. Ross Browne, aliachana nayo Unguja, na mwaka 1846 akachapisha kitabu juu ya mateso ya mabaharia wale na juu ya kukaa kwake kisiwani. Kwa kweli sikutegemea kwamba kusoma habari za oili ya giaboksi kungenifikisha Forodhani.

Ipo hadithi tamu inayofuata hapo, na huenda umeisikia. Mwaka 1859 mafuta ya petroli yalipatikana kwa kuchimba kisima Pennsylvania, mafuta ya taa yakawa rahisi, na nyangumi wakapumua. Hadithi hiyo ni nusu tu. Taa zilimwacha nyangumi, mashine hazikumwacha. Watafiti wanakadiria kwamba tangu mwanzo wa karne ya 18 hadi mwisho wa karne ya 19, enzi nzima ya matanga na mikuki ya kurushwa kwa mkono, waliuawa nyangumi wa ambari karibu 300,000. Katika karne ya 20 peke yake, enzi ya meli za injini na mizinga ya mikuki, waliuawa zaidi ya 700,000. Katikati ya miaka ya 1960 walikuwa wakichinjwa zaidi ya 20,000 kwa mwaka. Upande wetu wa Bahari ya Hindi, kituo cha Durban kiliendelea kuwavuta nchi kavu mpaka kilipofungwa mwaka 1975. Wakati huo mwanadamu alikuwa amekwisha kutembea mwezini.

Sehemu ya mafuta hayo, baada ya kupikwa na salfa, iliingia kwenye oili nyekundu. Wekundu wenyewe, kwa taarifa yako, ni rangi ya kutiwa tu, ili ikivuja chini ya gari ujue si oili ya injini. General Motors walitoa kiwango chao cha kwanza cha oili hii, Type A, mwaka 1949, wakakirekebisha mwaka 1957, na mwaka 1967 wakatoa Dexron. Ford walikuwa wamekwenda njia nyingine. Oili yao ya Type F haikuwa na kile kilainisha mshiko, kwa sababu sahani zao zilibuniwa zishikane kwa nguvu. Ukiweka ya Ford kwenye giaboksi ya General Motors, gia ziliingia kwa kishindo. Ukiweka ya General Motors kwa Ford, sahani ziliteleza. Zote mbili zilikuwa nyekundu. Muuza spea wangu alikuwa amechelewa nusu karne.

*

Mwaka 1970 Walter Hickel, waziri wa mambo ya ndani wa Marekani, aliwaweka nyangumi wakubwa, huyu wa ambari akiwemo, kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Maana yake ilikuwa kuzuia uagizaji wa mafuta yao, na milango ikafungwa katika mwaka uliofuata. Haikuwa hatua ndogo. Serikali yenyewe ilikuwa ikiyatunza mafuta hayo kwenye akiba ya taifa ya malighafi za ulinzi, pamoja na madini. Kisha zikaja sheria za 1972 na 1973 za kulinda mamalia wa baharini na viumbe walio hatarini, na hapakuwa tena na njia ya kurudi.

Watengeneza oili wakalazimika kubuni dawa mbadala za maabara. General Motors wakaandika kiwango kipya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na jina lake ndilo lililo kwenye dipstiki ya mama. Ile "II" niliyoidhani mapambo ni alama ya mahali nyangumi alipotoka.

Matoleo ya kwanza ya Dexron II yaliponza magari mengi. Ili isichemke, oili ya giaboksi hupitishwa kwenye kipoza kilicho ndani ya rejeta, oili ndani ya bomba na maji nje yake. Dawa mpya zilizituliza sahani vizuri, lakini zilikula maungio yaliyolehemiwa ya kipoza. Tundu la sindano likitokea hapo, maji ya rejeta yanaingia kwenye oili, na oili inageuka rangi ya mtindi wa stroberi. Maji yanaiachisha gundi inayoshika kitambaa cha sahani. Ikifika hapo, unanunua giaboksi. Ilibidi kiwango kirekebishwe, ziongezwe dawa za kuzuia kutu, na herufi zikazidi mbele ya jina: IID, baadaye IIE, kisha III mwaka 1993.

Nimekutana na watu wanaoisimulia habari hii kama kichekesho: wapenda wanyama wameokoa nyangumi, wameua giaboksi. Mimi sioni hivyo. Sheria ilizuia malighafi. Haikumzuia mtu kujaribu oili mpya kwenye kipoza cha zamani kabla ya kuiuza. Na mbadala haukuwa siri. Tangu mwaka 1933 watafiti wa Arizona walikuwa wamegundua kwamba mbegu za jojoba, kichaka cha jangwani, zinatoa nta ya majimaji inayofanana sana na ya nyangumi. Kwa takriban miaka 40 haikuwa na soko la maana, maana kumuua nyangumi kulikuwa rahisi kuliko kupanda kichaka. Ni baada ya katazo ndipo jojoba ilipoanza kupewa mashamba, ingawa kwenye giaboksi nafasi kubwa ilichukuliwa na dawa za kutengenezwa kiwandani.

Mwaka 1979 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliitangaza Bahari ya Hindi kuwa hifadhi yao. Pendekezo lilitoka Ushelisheli, nchi iliyokuwa na miaka mitatu tu ya uhuru. Katazo la dunia nzima la uwindaji wa kibiashara lilipitishwa na tume hiyohiyo mwaka 1982.

*

Imekuwaje jina la kampuni ya Detroit likachongwa kwenye dipstiki ya Toyota? Kwa sababu Dexron ilikuwa imegeuka lugha ya sokoni. Watengeneza magari wengi wa nje, Wajapani wakiwemo, walipotaka kumwambia mwenye gari aweke oili gani, walitaja jina ambalo lingepatikana duka lolote duniani. Gari likitolewa Japani likashushwa bandarini Dar es Salaam, maelekezo yake bado yalikuwa yanasomeka.

Baadaye lugha hiyo ya pamoja ikavunjika. Toyota wakaja na oili yao ya T-IV, kisha WS, nyepesi zaidi, kwa giaboksi zenye gia nyingi zinazobadilika kwa amri ya kompyuta. Kila kampuni ikawa na yake. Pamoja na oili ya WS, magari mengi yalipoteza kitu kingine ambacho kwangu ni kikubwa kuliko oili: dipstiki. Kwenye giaboksi hizo kiwango hupimwa kwa kufungua nati chini ya gari linalounguruma, oili ikiwa imefika joto fulani, kwa nyingi nyuzi 40 hivi, na kuangalia kama inadondoka. Wanaita giaboksi iliyofungwa. Baadhi ya watengeneza magari walienda mbali zaidi wakasema oili hiyo ni ya maisha. Maisha ya nani, hawakufafanua. ZF, Wajerumani wanaotengeneza giaboksi zinazofungwa kwenye magari mengi ya kifahari, wao wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000.

Oili ya maisha ni ahadi nzuri kwa mnunuzi wa kwanza, anayeliuza gari baada ya miaka mitano au saba. Sisi ni wanunuzi wa pili na wa tatu. Gari linatufikia na maisha yake yakiwa yamekwisha kuhesabiwa na mtu mwingine, na kitabu chake, kama kipo, kimeandikwa Kijapani.

*

Sasa onyo la fundi. Kwa siku mbili nilijaribu kulipinga kichwani, na nikaishia kumpa nusu. Alichokiona ni kweli. Lakini wateja wanaompelekea gari kubadilisha oili ya giaboksi ni wangapi wanaokwenda likiwa zima? Wanakwenda likiwa limeanza kuteleza. Sahani zimekwisha kuungua, oili imejaa vumbi lake, na hakuna oili ya aina yoyote itakayoota kitambaa kipya kwenye chuma. Inabadilishwa Jumatatu, giaboksi inakufa Ijumaa, lawama zinaiangukia oili. Ongeza na dumu lisilo na jina kama langu, na onyo lake linakuwa busara tupu.

La mama halikuwa linateleza. Gia ziliingia kwa wakati, labda kwa ukali kidogo asubuhi. Nilidondosha matone mawili ya dipstiki kwenye karatasi nyeupe: kahawia yenye wekundu kwa mbali, bila chenga za chuma. Nikanusa. Oili iliyoungua ina harufu kali ambayo huwezi kuikosea, na hii haikuwa nayo.

Jumapili mchana nililirudisha dumu. Muuza spea hakufurahi, lakini alinibadilishia kwa oili iliyoandikwa Dexron III, inayokubalika pale palipoandikwa II, nikaongeza pesa. Hapo napo kuna mtego: General Motors waliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa 2006, hivyo jina hilo siku hizi halisimamiwi na mtu, unategemea uaminifu wa aliyeijaza chupa. Nilichagua ya kampuni inayoandika kwenye chupa viwango inavyotimiza, nikaishia hapo.

Kazi yenyewe ilichukua chini ya saa moja. Kosa kubwa linalofanyika majumbani ni kufungua nati isiyo yenyewe: mtu anataka kumwaga oili ya injini, anamwaga ya giaboksi, kisha anaijaza injini mara mbili. Niliitambua yangu kwa tundu lake la pembe sita kwenye sampo ya giaboksi. Oili ikatoka, nikaipima kwa chupa za maji: lita tatu na kidogo. Hiyo ni chini ya nusu ya iliyomo, maana nyingi hubaki kwenye konveta. Wengine huona hilo ni kasoro ya kumwaga nyumbani. Mimi liliniondolea hofu. Sikuwa naibadilishia giaboksi ulimwengu wote kwa siku moja. Kama inachukua lita saba na unatoa tatu, ukirudia mara tatu ndani ya miezi michache umefikisha kama asilimia 80 ya oili mpya, na kila mara una nafasi ya kusikiliza gari linasemaje.

Nikarudisha kiasi kilekile kupitia tundu la dipstiki, kwa faneli, polepole. Nikawasha injini gari likiwa kwenye sakafu iliyonyooka, mguu kwenye breki, nikaipitisha gia kila nafasi na kuirudisha P, nikapima injini ikiwa inanguruma. Mstari wa baridi kwanza. Nikazunguka mtaa kwa dakika 20, nikapima mstari wa moto, nikaongeza kama nusu kikombe cha chai.

Jumatatu jioni fundi alipita. Hakuniuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye dumu la oili chafu, akachovya kidole, akakipeleka puani, akakisugua na gumba kutafuta chenga.

"Hii haijaungua," akasema.

"Nilikuambia, kaka mkubwa."

"Hukuniambia. Uliniambia unataka kubadilisha." Akafuta kidole kwenye suruali. Akauliza kama naihitaji, maana ana nguzo za banda la kuku zinaliwa na mchwa na oili chafu ndiyo dawa yake. Nikampa dumu zima. Mama alikuwa ameshaanza kupakia marobota, na alitaka kujua ni nani atakayeondoa stendi zangu njiani.